Namna ya kuishi kwa brashi na kamera bila kuuza kitu kimoja mara mbili

Kazi iliyonifanya nianze kuitwa msanii wa video ina dakika 11, haina neno hata moja, wala haionyeshi uso wa mtu. Ni mikono ya bibi yangu mzaa mama, kakaa barazani kwake Pangani, anasuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonwa ukawa mkeka. Niliirekodi mwaka 2013 kwa kamera ya kuazima, na mguu mmoja wa stendi ulikuwa umevunjika nikaufunga kwa kipande cha kanga. Mikono ile imenilipia kodi ya nyumba, imenipandisha ndege, na imenitia kwenye mgogoro wa mkataba ulioninyima usingizi miezi saba.

Kila mwezi hunijia ujumbe wa namna moja: "Shikamoo dada. Mimi nachora, na video nafanya pia. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Nimechoka kukujibu vipande vipande kwenye simu, basi haya hapa yote niliyonayo. Kuchora sitakufundisha. Nitakueleza namna ya kuziweka kazi hizi mbili nyumba moja bila kuibiana.

Usiache kibarua

Mimi nimetokea kwenye mabango. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuandika Ngamiani, Tanga: saluni, vinyozi, maduka ya dawa, na lile tangazo la "leo kulipa, kesho kukopa" ambalo kila mwenye duka alitaka liwe jekundu. Nikiwa na miaka 14 kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya uzi. Unaupaka uzi unga wa chaki, watu wawili mnaukaza ubaoni, mmoja anaunyanyua katikati na kuuachia. Pa! Umepata mstari ulionyooka kuliko rula. Halafu unaanza na herufi ya katikati ya neno ukienda pembeni, usije ukafika ukingoni na herufi mbili zimekubakia na nafasi ni ya moja. Baadaye niliposhika kamera niligundua kwamba habari ya kupanga picha ndani ya fremu nilikuwa nimeshafundishwa na mjomba, akiwa juu ya ngazi, sigara mdomoni.

Mabango niliyaandika mpaka 2017, miaka minne baada ya video ya bibi, kazi zangu zikiwa zimeshaonyeshwa nje ya nchi. Wenzangu walinicheka kunikuta na ndoo ya rangi mbele ya kinyozi. Waache wacheke. Sanaa haina mwisho wa mwezi. Unaweza kuuza picha tatu Februari, ukakaa mpaka Novemba simu haijalia. Mwenye kibarua anaweza kumkatalia mnunuzi anayetaka kumlalia bei. Mwenye njaa hawezi, na wanunuzi wa sanaa wana pua ya kunusa njaa.

Na usisubiri vifaa vya mbali. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Oysterbay mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa dukani. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, na kuna picha za bandia zinazouzwa na saini yake. Hizo picha za bandia ziweke akilini, nitazirudia tukifika kwenye karatasi.

Kamera: kitu kimoja, mahali pamoja, usitikisike

Kosa la kwanza la mchoraji akishika kamera ni kuizungusha kama brashi. Iache. Tafuta kitu kimoja chenye mwendo wake chenyewe, weka kamera mbele yake, ondoa mkono. Mimi nilichagua mikono ya bibi kwa sababu nilikuwa naijua tangu utotoni. Mkono wa kushoto unabana, wa kulia unapitisha, juu, chini, juu, na kila baada ya muda kidole gumba kinausukuma ukili mbele uingie kwenye mviringo uliolala miguuni. Ukindu, yale majani ya kusukia, umelowekwa ukalainika, kwa hiyo ukisikiliza vizuri unasikia unateleza. Na kuna jambo moja ambalo sikuliona kwa macho yangu mpaka nilipokaa kuhariri: bibi huchomeka ukindu mpya kabla wa zamani haujaisha. Hakuna mahali unapoona kiungo. Nitakuambia nililitumiaje.

Mambo ya ufundi ni machache, lakini usipoyajua yatakuaibisha. Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kamera irekodi fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, vinginevyo ukirekodi chini ya taa za tyubu utapata mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, na haitoki kirahisi. Zima kamera kujirekebishia mwanga yenyewe, maana wingu likipita picha itapumua kama mgonjwa wa pumu. Ukimaliza, mwambie kila mtu anyamaze, urekodi dakika moja ya sauti ya mahali penyewe: upepo, kuku, redio ya jirani. Siku ya kuhariri utaibusu hiyo dakika.

Ukirudi nyumbani, kabla hujala, nakili faili. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mahali pengine kabisa. Yangu ya tatu iko Dodoma kwa dada yangu, ndani ya bati la biskuti, kwa sababu unyevu na chumvi ya Dar es Salaam vimeshanilia diski mbili. Weka pesa ya diski kwenye bajeti kama unavyoweka pesa ya rangi. Faili la kuhifadhi la aina ya ProRes 422, kwa picha ya HD ya fremu 25, linakula kama gigabaiti 55 kwa saa, kwa hiyo dakika zangu 11 ni kama gigabaiti 10. Lile dogo la MP4 ni la kupelekea watu. Usije ukabaki na hilo peke yake.

Na mwenye mikono je? Bibi nilimwomba ruhusa, nikamweleza pesa ikipatikana atapata nini, na tukaandika. Alicheka sana kuwekewa karatasi na mjukuu, lakini alitia dole gumba. Kuna wasanii wanaorekodi wavuvi na mama ntilie bila kuwaambia kitu, kisha kazi inauzwa Ulaya. Mimi naona huo ni wizi, na naomba usinibishie.

Ukitoka barazani kwa bibi yako kwenda kurekodi hadharani, tafuta kibali. Bara ni Bodi ya Filamu. Zanzibar ni BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na kibali cha huku si kibali cha kule. Nenda mapema, chukua mswada na barua. Polisi wa sokoni hana habari kwamba hii ni sanaa ya kisasa.

Video ya ukumbini si filamu ya sinema

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea mwaka mzima. Kazi ya ukumbi wa maonyesho mtu anaikuta katikati. Anaingia dakika ya nne, anasimama, anaondoka dakika ya sita, au anakaa mizunguko mitatu. Haina mwanzo. Filamu ya sinema mtu ameilipia kiti, taa zimezimwa, anataka kupelekwa mahali. Mwaka 2014 nilipeleka zile dakika 11 kama zilivyo kwenye tamasha la filamu. Dakika ya tatu nikasikia kikohozi, ya tano viti vinalia, ya nane mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mama atamaliza lini?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Nilirudi Pangani 2015 kufanya vitu viwili tofauti kutokana na mikono ileile.

Cha kwanza kilikuwa cha ukumbini, skrini tatu. Kushoto sufuria ya rangi inachemka na ukindu ndani yake, katikati mikono, kulia mviringo wa ukili unazidi kunenepa. Zote tatu zinajirudia bila mwisho. Mahali pa kuunganisha mwisho na mwanzo nilipapata kwa bibi mwenyewe: nimekata pale anapochomeka ukindu mpya. Jicho linaufuata ukindu unaoingia, halioni kwamba dakika ya 11 imekuwa ya kwanza. Nimeshakaa ukumbini nikawatazama watu, hakuna aliyewahi kukiona kiungo.

Cha pili ni filamu ya dakika 14 ambamo bibi anaongea. Anaeleza jinsi mikeka ilivyomsomesha mama yangu, mkeka mmoja baada ya mwingine, na shazia, ile sindano kubwa aliyoshonea, ambayo mpaka leo ipo. Ina mwanzo, ina mwisho, na kuna mahali watu hulia.

Usione kuwa kutoka ukumbini kwenda sinema ni safari ya wiki mbili. Steve McQueen wa Uingereza alipata tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 1999 kwa video za ukumbini. Moja ya hizo ni fupi tu, amesimama wima na ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, uwazi wa dirisha unampita. Filamu yake ndefu ya kwanza ilifika tamasha la Cannes 2008, na Oscar ya filamu bora ikaja 2014. Hesabu mwenyewe. Karibu zaidi na sisi yuko Sammy Baloji wa Lubumbashi, Kongo, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Alianza kujulikana kwa kubandika watu wa picha za zamani za ukoloni juu ya picha zake mpya za migodi iliyokufa, mwaka 2008 akawa miongoni mwa walioanzisha Picha, kikundi kinachoandaa maonyesho makubwa ya miaka miwili miwili palepale mjini, na filamu yake ndefu ikaonyeshwa tamasha la Rotterdam 2025. Naye Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, watu walikuwa wameshamjua kwa picha za kukata na kubandika ndipo 2013 akatoa video ya katuni ya dakika kama nane. Ukiitazama unaona mkono uleule wa kubandika, sasa unatembea.

Karatasi

Kama utasoma sehemu moja tu ya maneno haya, soma hii.

Mchoro ni mmoja. Ukiuuza umeondoka. Video unaweza kuinakili mara elfu, kwa hiyo mnunuzi atakuuliza kwa haki: mimi nanunua nini? Jibu ni nakala zenye namba. Unaamua tangu mwanzo, kabla hujauza hata moja, kwamba kazi hii itakuwa na nakala 5 za kuuza na 2 za msanii, na huongezi tena hata akija mfalme. Nakala ya 1 kati ya 5 niliiuza shilingi milioni moja na nusu. Ya 3 iliuzwa milioni nne. Bei hupanda kadiri nakala zinavyopungua, na wa kwanza hadhuriki, anafurahi, maana chake kimepanda thamani.

Kila nakala inaondoka na hati ya uhalisi. Yangu ni ukurasa mmoja: jina la kazi, mwaka, urefu, idadi ya skrini, namba ya nakala, maelezo ya jinsi ya kuionyesha (chumba cha giza, picha isiwe chini ya mita mbili kwa upana, sauti iwepo lakini isizidi ya mazungumzo), saini, na mihuri miwili, mmoja juu ya picha ndogo iliyobandikwa. Anapewa faili kubwa, faili dogo na hati. Ukimpa faili bila hati umempa zawadi. Sasa zikumbuke zile Tingatinga za bandia. Marehemu hawezi kusimama akasema hii si yangu. Hati na daftari vinaweza.

Halafu andika asichonunua. Mnunuzi anaweza kuionyesha nyumbani kwake, anaweza kuiazimisha makumbusho. Hawezi kuirusha hewani, hawezi kuipandisha mtandaoni, hawezi kuikata. Na mstari huu usiusahau, maana ndio unaoziweka brashi na kamera nyumba moja: "Msanii anabaki na haki ya kuonyesha filamu ya dakika 14 iliyotokana na kazi hii kwenye sinema, matamasha na televisheni." Sheria iko upande wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kama mchoro maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake, na anayenunua ubao hajanunua hakimiliki ya picha iliyo juu yake. Lakini sheria haiwezi kukusaidia ukishasaini kinyume.

Mimi nilisaini kinyume. Mwaka 2016 kituo kimoja cha televisheni kilinipa shilingi 600,000 kwa filamu ya bibi. Mkataba ulikuwa kurasa sita, nilisoma ya kwanza na ya mwisho, ile yenye pesa na ile yenye mahali pa saini. Ukurasa wa nne ulisema nimewapa haki zote za "picha na vipande vyote vilivyorekodiwa kwa ajili ya filamu hii", dunia nzima, milele. Mikono ilikuwa humo. Mwaka uliofuata mama mmoja mkusanyaji wa sanaa akataka nakala ya 3, wakili wake akaomba mikataba yangu yote, akaisoma ile ya televisheni, akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole sana, ile ya mtu anayetoa habari ya msiba. Kwamba nakala zote za ukumbini, pamoja na mbili nilizokwisha kuuza, nilikuwa nauza mali ambayo si yangu.

Miezi saba. Niliwarudishia zile 600,000 na 200,000 juu yake, wakakubali kubaki na ruhusa ya kuirusha filamu mara mbili, Tanzania tu, kwa miaka miwili. Mama yule alinisubiri, Mungu ampe maisha marefu. Tangu siku hiyo nikipewa mkataba wa filamu natafuta mambo matatu kabla ya pesa: nchi gani, muda gani, na je, ni wao peke yao au na wengine. Neno "milele" nalikata kwa kalamu nyekundu, naweka miaka miwili, naweka saini ndogo pembeni. Kwa mshangao wangu mara nyingi hawabishi. Lilikuwa limekaa pale likisubiri mjinga.

Daftari langu ni kaunta buku la kwaya mbili, jalada gumu. Kila kazi ina kurasa zake: ukubwa au urefu, nakala ngapi, namba ipi ipo kwa nani, lini, bei gani, imeonyeshwa wapi, filamu yake ina ruhusa zipi na zinaisha lini. Ninalo pia kwenye kompyuta, lakini la karatasi halijawahi kuniambia limesahau nywila. Risiti za rangi, nauli na diski nazibandika nyuma ya daftari. Namba ya mlipakodi unayo, siku ya kukadiriwa zitakuokoa.

Kuhusu asilimia: kumbi nilizofanya nazo kazi huchukua 40 hadi 50 ya bei. Inauma mara ya kwanza. Uliza wanakufanyia nini kwa hiyo: usafirishaji, bima, fremu, projekta, kutafuta wanunuzi. Kama jibu ni "tunakupa ukuta", ukuta mjomba alikuwa anapewa bure.

Siku ya kutundika

Onyesho langu la kwanza la video lilikuwa kwenye ukumbi mzuri mweupe wenye madirisha mpaka darini. Sikuuliza. Projekta ikawashwa saa nne asubuhi, bibi akawa kama chai iliyoongezwa maji mara tatu. Watu walisimama mbele ya ukuta mtupu wakasoma maelezo, wakapiga makofi kwa adabu. Toka hapo nasafiri na kaniki mita 12, pini na gundi ya karatasi. Kaniki ni rahisi, nyeusi, haing'ai, na ukimaliza unafungia vifaa.

Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kwa picha ya upana wa mita tatu, ilimradi chumba kiwe giza kweli. Chumba kikiwa na mwanga, usipambane, omba skrini za televisheni. Beba faili kwenye flashi mbili. Jaribu kujirudia kwake saa nzima, si mara moja, kwa sababu kuna vifaa vinavyoweka kiza cha sekunde mbili kati ya mwisho na mwanzo, na kiungo chako ulichokihangaikia kinaenda na maji.

Na mjue mlinzi. Mratibu wa maonyesho ana digrii mbili na atakuwepo siku ya ufunguzi. Atakayewasha kazi yako siku 29 zinazobaki ni mlinzi. Mimi humwandikia karatasi, nabandika nyuma ya mlango: 1. Washa swichi ya ukutani. 2. Bonyeza kitufe cha kijani cha projekta, subiri dakika moja. 3. Umeme ukikatika, zima yote, ukirudi subiri dakika tano uanze na namba 1. Chini naweka namba yangu. Namnunulia soda, tunaongea. Mlinzi mmoja alinipigia wiki ya pili kuniambia, "Dada, mama yako wa kulia haonekani." Alimaanisha skrini ya kulia. Mratibu alikuwa hajui.

Matamasha na maombi

Tamasha la kuanzia kwa mtu wa pwani lipo mlangoni: ZIFF, Zanzibar, tangu 1998, na kuonyesha kazi Ngome Kongwe usiku wazi, watoto wa mjini wakiwa wamekaa nyuma wanatoa maoni kwa sauti, ni mtihani ambao hakuna jopo la waamuzi litakalokupa. Kabla ya kupeleka popote soma masharti kuhusu onyesho la kwanza. Matamasha mengi makubwa hayataki filamu iliyokwisha kupandishwa mtandaoni. Ukiipandisha kwa furaha ya siku moja umejifungia milango ya mwaka mzima. Waandaaji wape kiungo cha mtandao chenye nywila.

Sinema nyingi zinaonyesha fremu 24 kwa sekunde, wewe umerekodi 25. Filamu ikipunguzwa mwendo inarefuka kwa takriban asilimia 4. Dakika zangu 14 zilipata sekunde 35 za nyongeza na sauti ya bibi ikashuka kidogo, akawa kama kaamka na mafua. Hakikisha anayekutengenezea faili la sinema anairekebisha sauti.

Maandishi ya chini tafsiri mwenyewe, au kaa na mtafsiri neno kwa neno. Mara ya kwanza niliiachia programu ya kompyuta. Neno "ukili" haikulijua, ikaona nimekosea kuandika "akili". Kwa hiyo bibi wa watu alionekana kwenye tamasha moja Ulaya akieleza kwamba alipoolewa alikuwa anasuka akili mpaka usiku, na kwamba akili ya Pangani inasifika kwa kutochanika. Nilipongezwa sana kwa falsafa. Sikusahihisha mpaka onyesho la pili.

Maombi ya makazi ya wasanii, yale ya kwenda kukaa mahali mwezi au mitatu ukifanya kazi, ni kazi ya ofisini, itengee siku. Mimi natenga Jumanne. Mwaka 2014 niliomba 19, nikapata moja. Andika maelezo ya kazi kwa Kiswahili kwanza, maneno 150, ukimsomea mtu ambaye si msanii. Akielewa ndipo utafsiri. Ukianza kwa Kiingereza utaandika kwamba kazi yako "inahoji" kitu, na kila mtu kwenye lile rundo anahoji kitu. Sema unachofanya: narekodi mikono ya mafundi wazee wakifanya kazi, bila kukata. Picha 12 zinatosha. Video weka kipande chenye nguvu ndani ya sekunde 30 za kwanza, maana waamuzi wana mamia ya kutazama. Ukikubaliwa, uliza kwa barua nani analipa tiketi, bima, chakula, vifaa na viza, na upate jibu kwa barua. "Usijali, tutaona ukifika" maana yake utajilipia.

Kama huna pa kufanyia kazi, anza na walipo wenzako. Dar es Salaam, Nafasi Art Space ya Mikocheni, tangu 2008, ina studio ndani ya makontena, na ukipita mchana utakuta mtu anachora, mwingine anahariri, mwingine anabishana. Nenda kabishane.

Kabla hujafunga kazi

Hatua hii niliijua nikiwa nimechelewa, wewe ifanye mapema: kabla hujasema kazi imekwisha, mwonyeshe mwenye fani iliyomo ndani. Si msanii mwenzako. Ukirekodi mvuvi, mwonyeshe mvuvi. Fundi seremala, seremala.

Bibi nilimwonyesha ile ya skrini tatu mwaka 2018, kwenye kompyuta, palepale barazani. Kwanza alilalamika, "Mbona uso hukuuonyesha, ulikuwa mbaya?" Kisha akanyamaza, akavaa miwani, akatazama mikono yake mwenyewe kama ya mtu baki. Dakika ya sita akagusa kioo.

"Simamisha. Rudisha. Hapo nimeruka mmoja."

Nikarudisha. Sikuona kitu. Akanirudisha tena, akaweka kucha juu ya kioo, nikaona: ukindu mmoja umepita chini mahali palipotakiwa juu, na mistari yote inayofuata imepinda kidogo mpaka mwisho.

"Umeshawaonyesha watu?"

Nikamwambia nakala tatu zimeshauzwa, bibi, moja iko Ujerumani.

Akavua miwani. "Basi hizo mbili zilizobaki usiuze, nitasuka tena."

Tukarekodi tena wiki ileile. Hiyo ni kazi nyingine, ina ukurasa wake kwenye daftari. Za kwanza mbili bado ninazo.